Barua kwa mwanangu anayehamia Tunduru

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Mkeo hajambo, mtoto kikohozi kimemwachia ila usiku bado kifua kinakoroma kidogo. Mpunga wa shamba la juu tumeshapiga, yametoka magunia kumi na tisa. Wa chini bado umesimama kwenye maji na vibarua wanadai bei mpya. Hayo tutayamaliza. Hofu yangu ni juu yako.

Nimekaa kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nikamaliza. Nikitaja ardhi tu, unasema mtandao unasumbua. Binti wa dada yako atakuletea bahasha hii hapo Majimoto kabla hamjaanza kupakia ng'ombe. Naomba uisome ukiwa umekaa, peke yako, mbali na wenzako wa safari.

Nakuuliza tena: hiyo ardhi ya Tunduru amekupa nani?

Usinitajie yule kijana aliyekuonyesha picha za majani kwenye simu. Huyo ni dalali, na dalali hana ardhi. Wala usiniambie mwenyekiti wa kijiji amekubali. Mwenyekiti naye hana ardhi. Mimi nimekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi, najua mwenyekiti ana nini na hana nini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, haimpi mwenyekiti hata hatua kumi za kugawa kwa mkono wake mwenyewe. Maombi yako yanaanzia halmashauri ya kijiji, kisha yanapelekwa mkutano mkuu wa kijiji. Hapo wanakaa wanakijiji wote wa miaka 18 na kuendelea, wanaambiwa: huyu bwana ametoka Katavi, ana ng'ombe idadi kadhaa, ana mke na mtoto, anaomba eneo linalopakana na fulani huku na mto kule. Wanakubali au wanakataa. Wakikubali, unaandikwa muhtasari wenye jina lako na ukubwa wa eneo, na nyuma yake orodha ya waliohudhuria na saini zao.

Huo muhtasari umeuona? Siulizi kama umeambiwa upo. Nauliza kama umeushika mkononi ukausoma.

Milioni nne ulizokwisha kutuma siwezi kuzirudisha, na sina haja ya kuzilia. Lakini uliuza madume sita bila kuniambia, na zizi hilo tulilianzisha mimi na baba yako. Nilikuta nafasi yao asubuhi nilipokwenda kukamua. Hilo limeniuma, nalisema mara moja, silirudii.

Kwa upande wa ng'ombe sina la kukufundisha. Hata baba yako, aliyekuwa mgumu wa kusifu, aliwahi kuniambia usiku kwamba wewe unamjua ng'ombe mgonjwa kabla ng'ombe mwenyewe hajajijua. Mwaka ule ndorobo ilipomaliza mazizi ya majirani, wewe ulikuwa na miaka kumi na sita na hatukupoteza hata mmoja. Najivunia, na majirani wananisikia nikijisifu kwa ajili yako. Ila kujua ng'ombe na kujua ardhi ni kazi mbili tofauti, na ya pili mliniachia mimi, wewe na baba yako, mkasema Mama ni mtu wa mikutano.

Juzi ulinijibu kwamba hata sisi tulihama, tukafyeka, tukakaa, na hakuna aliyetuuliza muhtasari. Jibu hilo limenikosesha usingizi siku tatu. Safari ya kutoka Kwimba unaijua, baba yako alikusimulia kila jioni kwenye shikome, ule moto wetu wa jioni, mpaka mbwa wakalala. Simba wa mtoni, ng'ombe waliopotea wakarudi wenyewe, yote unayo kichwani. Nitakueleza yale asiyokusimulia.

Mimi nilihamishwa kwanza mwaka 1974, nikiwa na miaka 14. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Kwetu likaja lori na wanamgambo. Nyumba ya bibi yako iliezuliwa asubuhi, chungu cha uji kikiwa bado jikoni, tukashushwa kwenye viwanja vilivyopangwa mistari kama matuta ya viazi. Mashamba yakawa mbali na nyumba, malisho yakawa mbali na zizi. Bibi yako alirudi peke yake mara tatu kwenda kumwagilia mti wake wa ndimu, mpaka akakatazwa.

Miaka tisa baadaye, 1983, mimi na baba yako tukahama kwa kupenda wenyewe. Pamba hailipi, sabuni kwa foleni, udongo wa Kwimba umechoka, na malisho ya kaya moja yanagombewa na kaya nne. Wanaume waliswaga ng'ombe kwa miguu. Mimi nilipanda treni hadi Tabora, kisha ile ya Kaliua hadi Mpanda, dada yako mgongoni, ulimi wa plau nimeufunga ndani ya gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ili usiibwe.

Tulipofika huku bondeni tuliambiwa: hili ni pori, chagueni. Mwenyekiti wa wakati ule alipelekewa mtamba mmoja, mwekundu, mwenye nyota usoni. Baba yako alimwita zawadi. Mimi nilikuwa na miaka 23, sikuwa na neno jingine la kumwita, nami nikasema zawadi.

Siku ya tatu ya kufyeka panga langu liligonga jiwe. Nilichimbua kwa mikono, likatokea jiwe la kusagia, kubwa, limelala kifudifudi. Nililigeuza. Katikati lilikuwa limeliwa shimo la kina cha kiganja, laini kama ndani ya kikombe, na upande mmoja umeliwa zaidi ya mwingine, maana yake aliyekuwa akilisagia alielemea mkono wa kushoto. Hatua chache mbele ipo miembe miwili, ile ile uliyokuwa ukipanda, na chini ya majani nikaona visiki vya miembe mingine miwili, yote minne kwenye mstari mmoja. Pori halipandi miembe kwa mstari. Yalikuwa mahame ya watu. Operesheni ile ile iliyoezua nyumba ya mama yangu Kwimba ndiyo iliyomtoa huyo mama wa Kipimbwe, kabila la wenyeji wa bonde hili, hapa na kumpeleka kando ya barabara. Kwa karatasi za serikali pakawa pori, na sisi tukapewa.

Mwezi wa pili alikuja mzee. Alisimama chini ya mwembe, akasalimia, hakutaka kukaa. Akasema hilo jiwe lilikuwa la mama yake. Baba yako akamjibu kwamba ardhi tumepewa na kijiji. Mzee akasema sawa. Kisha akaomba jambo moja, kwamba maembe yakiiva wajukuu zake waruhusiwe kuja kuokota. Baba yako akamruhusu. Mimi nilikuwa nimeinama hapo hapo nikisagia mtama kwenye jiwe lake, na sikuinua uso.

Basi ndivyo tulivyopewa. Usiutumie mfano wetu kama ngao, mwanangu. Sisi tulipona kwa sababu mzee yule alikuwa na moyo mpana, na kwa sababu mwaka 1983 watu walikuwa wachache na majani mengi. Wewe unakwenda mahali ambapo kila hatua ina mtu wake au ina bikoni yake, lile jiwe la mpaka.

Tunduru nimeifuatilia kwa kuwauliza watu waliofika. Kaskazini ni pori la akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kusini ni mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Katikati hapo unapita ushoroba, yaani njia ya tembo ya kwenda hifadhi ya Niassa huko Msumbiji, na viko vijiji vilivyotenga maeneo yao wenyewe kwa ajili ya wanyamapori na kuyaundia jumuiya ya hifadhi. Ukiyaona kwa macho ni majani mazuri, marefu, hakuna zizi, hakuna shamba. Ndiyo sababu yanapigwa picha na madalali. Ukiingiza ng'ombe humo utajifunza hesabu ambayo wengi wameshajifunza hapa kwetu kandokando ya Hifadhi ya Katavi, faini ya laki moja kwa kila kichwa, na hapo umebahatika hawajataifishwa. Wapo waliotolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 wakaelekea Lindi na huko kusini, wakatolewa tena walikofika, na kila wanakotolewa wanaacha sehemu ya kundi.

Mahali palipobaki ni pa watu, na watu wale ni wa korosho. Hili nataka ulielewe vizuri kwa sababu wewe ni mtu wa ng'ombe na huwezi kuliona kwa macho ya mkulima. Mche wa mkorosho unataka miaka mitatu hivi kabla hujazaa, na ng'ombe anaukanyaga akipita tu kwenda mtoni. Tena korosho zinaanguka kuanzia Oktoba, wakati ambao kwako majani yamekwisha na maji yamebaki mashimoni. Chini ya mikorosho kuna mabibo yameiva, yananukia, na ng'ombe anayapenda kuliko pumba. Kwa hiyo mwezi ule ule ambao mwenzako anategemea kulipa ada ya mtoto, ndio mwezi ambao kundi lako litamwelekea. Uliza kijiji hicho kina mpango wa matumizi bora ya ardhi au hakina. Kama kinao, malisho yamechorwa wapi, maji yapo wapi, na njia ya kwenda majini inapita wapi. Wakikuonyesha ramani ukutani ofisini, ipige picha.

Na amekupa nani? Narudi hapo hapo.

Huku nilisikia jambo jingine, nikaomba lisiwe kweli. Mmoja wa wenzako aliropoka kwenye kilabu kwamba mkishafika kaya hamsini mtakuwa wengi kuliko wenyeji, na uchaguzi wa vijiji wa 2029 mtasimamisha mwenyekiti wa kwenu, na jina lililotajwa ni lako, eti kwa kuwa mama yake alikuwa diwani.

Mwanangu, baba yangu. Mimi niliingia bonde hili 1983. Kiti cha udiwani wa viti maalum nilikipata mwaka 2000. Hesabu miaka. Na kabla ya hapo nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kwa ile nafasi ya wanawake, nikikaa kwenye benchi la nyuma nikisikia mijadala ambayo nusu yake ilikuwa kuhusu ng'ombe wetu. Nilipoomba viti maalum walikuwepo waliosema Msukuma ataleta mifugo hadi kwenye vitanda vyao. Aliyesimama kunitetea alikuwa binti wa mzee wa jiwe. Sikumtuma. Alisema huyu amezika na sisi, amekesha na sisi leba, amelima mbuga kwa maksai wake shamba la mama yangu mwaka ule baba anaumwa. Hizo ndizo kura zangu. Wasukuma wenzangu wakati ule hatukujaza hata benchi mbili.

Miaka kumi nilikwenda na kurudi Mpanda kwa ajili ya baraza, juu ya malori ya mahindi, katikati ya hifadhi. Mara nyingine tuliharibikiwa tukalala Sitalike tukisikiliza viboko. Kwenye baraza tulikuwemo sisi wa viti maalum, na wapo waliotuona kama wageni waalikwa. Sikupata mengi. Kisima kimoja cha pampu. Bati za zahanati. Kitanda cha kujifungulia, ambacho nilikidai vikao vitano mfululizo mpaka mwenyekiti wa baraza akawa akiniona nimesimama anasema kwanza, kitanda. Mtoto wako amezaliwa juu yake. Kimeinama mguu mmoja sasa, wamekiwekea tofali, ila kipo.

Ulipopata surua mimi nilikuwa kikaoni. Dada yako ndiye aliyekubeba. Najua.

Basi ukitaka uongozi huko, nenda kazike watu kwanza. Nenda kachimbe kaburi kwa mikono yako, usipeleke mchango tu kwa bahasha. Wayao wa huko wengi ni Waislamu, msiba wao hausubiri, ukipigiwa simu alasiri jua halijazama wameshazika, kwa hiyo acha ng'ombe kwa mchungaji uende. Mfungo wa Ramadhani ukikukuta kijijini, waambie vijana wako wasile hadharani mchana. Mpeleke mtoto shule ya hapo hapo, asirudishwe huku kusoma. Usikae na watu wa kwenu peke yenu mkaongea Kisukuma kwenye mkutano wa kijiji, hilo linachoma watu kuliko ng'ombe shambani. Na usihesabu vichwa. Siku utakayoanza kuhesabu vichwa, wenyeji nao wataanza.

Sasa nirudi kwenye muhtasari, maana kuna jambo sijalimaliza.

Muhtasari wenyewe unaweza kuwa wa uongo. Nimewahi kuuona. Umepigwa mhuri, una tarehe, una ajenda saba, ufunguzi hadi kufunga, na mkutano wenyewe haukukaa. Orodha ya waliohudhuria ilinakiliwa kutoka kwenye daftari la kugawia vyandarua. Ukiitazama haraka huwezi kujua. Ukiitazama polepole unakuta majina yamepangwa kitongoji kwa kitongoji, nyumba kwa nyumba, jinsi watu wanavyoishi, wakati kwenye mkutano watu huandikwa jinsi wanavyofika. Unakuta saini thelathini za mwandiko mmoja. Unakuta jina la marehemu. Kwenye muhtasari ninaousema alikuwemo mwanamume tuliyemzika miezi minne kabla.

Hiyo ilikuwa mwaka 2015. Wewe ulikuwa Chunya na ng'ombe. Mimi udiwani nilishaacha, nimerudi kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Walikuja watu wa kaya kumi na moja, wametoka upande wa Kahama, wana watoto wadogo, wamelala wiki mbili chini ya turubai. Walikuwa wamekwisha kutoa fedha kwa watu. Fedha hizo sikuzigusa, lakini nilijua zimetolewa. Walizungumza kama bibi yako alivyokuwa akizungumza. Mwanamke mmoja alinisalimia mwangaluka, nikakumbuka ile treni ya Kaliua na mtoto mgongoni, nikaona hapa kuna haja gani ya kusubiri mkutano wa miezi mitatu. Eneo walilopewa mimi nililijua. Nilijua bikoni za msitu zimepita wapi, kwa sababu nilipokuwa diwani ramani ile ilibandikwa mbele yetu.

Daftari la vyandarua lilikuwa kwangu. Lilinakiliwa mezani kwangu, pale unapolia chakula. Na walipoletewa karatasi yao, mimi ndiye niliyewasomea kwa sauti kwa kuwa wengine hawakusoma, ajenda moja moja, na wao wakipiga makofi.

Magari yalikuja Machi 2017. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Nilikwenda, sijui nilikwenda kufanya nini. Yule mwanamke alikuwa amekaa kando ya barabara juu ya godoro lililokunjwa, amepakata sufuria yenye maharage mabichi aliyokuwa anataka kuyabandika. Akaniambia, Mama, si wewe uliyetusomea? Nikamwambia nitafuatilia. Alinitazama, kisha akaanza kuchambua maharage, akitoa mawe, moja moja, pale pale barabarani, kama vile kuna moto unamsubiri. Sikufuatilia. Walikokwenda sikujua. Uchaguzi uliofuata niliposema sigombei tena, mlifikiri ni magoti.

Kwa hiyo ninapokuuliza amekupa nani, najua ninachokiuliza. Huyo anayekusaidia Tunduru anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Anaweza kuwa mama mtu mzima anayekuhurumia kwa sababu unaongea kama kwao. Usimwamini kwa wema wake. Muombe mwenyekiti aitishe mkutano ukiwa umesimama pale mwenyewe, jua la saa nne, watu wakuone uso, waulize maswali yao, na yupo atakayekataa. Ukiona hakuna hata mmoja aliyekataa, huo si mkutano. Mtendaji aandike mbele yako. Kisha tembea mpakani na wazee wawili wa hapo, waulize maswali haya: hapa alikuwa anakaa nani zamani, na wajukuu zake wako wapi. Ukikuta miti ya matunda imepangwa mstari, simama. Mtafute mwenyewe kabla ya kufyeka. Mlipeni, ombeni, kaeni naye chini. Sisi hatukufanya hivyo.

Usikate hata mti mmoja kabla ya hapo. Nimesema hata mmoja, wa zizi pia. Ng'ombe walishwe kwa kukodi kwa mtu, kwa mkataba, miezi mitatu minne, hata kama fedha itauma. Vibali vya kusafirishia viwe vyako na kwa idadi yako, usipakie ng'ombe wa mwenzako kwenye kibali chako hata akikuapia. Kabla ya kupakia hesabu hereni moja moja.

Mkeo na mtoto hawatoki hapa mpaka nione muhtasari. Nimeshazungumza naye, amekubali, usimkaripie kwenye simu. Alikuwa anaogopa kukuambia. Chumba chenu nimekiwekea dari ya turubai maana popo wamerudi. Betri ya sola imekufa, inawaka robo saa inazima, fundi anasema ni kubadilisha tu. Nilitaka kuuza gunia moja nikaona nisubiri bei ipande Agosti. Ngitili yetu, yale malisho tuliyoyatunzia kiangazi kule mlimani, mtoto wa jirani ameanza kuichungia, nimemwita baba yake, tumeelewana, lakini ungekuwepo asingethubutu. Fedha uliyoacha kwa ajili ya vibarua imebaki elfu sabini.

Muhtasari ukipatikana, piga picha kurasa zote, hasa zile za majina, tuma kwenye simu ya dada yako. Nitazisoma mwenyewe kwa miwani, polepole.

Jambo la mwisho. Lile jiwe lipo jikoni mpaka leo, naliwekea ndoo juu yake. Binti wa yule mzee bado yu hai, amehamia kwa mwanawe upande wa Usevya. Nimemtumia salamu kwamba nitamletea kitu cha bibi yake, hakujibu ila hakukataa. Miaka arobaini na zaidi nimelisagia na sikulirudisha, nikawa najiambia ni zito. Ni zito kweli, halibebeki kichwani wala kwenye pikipiki, linataka mkokoteni, na maksai wote umewapeleka Majimoto. Nirudishie wawili, wale wakubwa waliozoea nira, binti aje nao Jumapili. Na mtamba mweusi usimpakie. Tumbo limeshuka, atazalia njiani.

Mama yako